Samaki anayependa maji yanayobeba watu

Kutoka soko la Kariokor hadi Kirinyaga Road ni mwendo mfupi wa miguu. Lakini hakuna msee wa mtaani anayeiita Kirinyaga Road. Sote twasema Grogan. Taa ya Probox imevunjika? Nenda Grogan. Unatafuta bampa, redieta, kioo cha pembeni? Grogan. Jina la zamani la barabara lilifutwa kwenye vibao miaka mingi iliyopita, ila midomoni mwetu limekataa kutoka.

Wachache wanajua kwamba Grogan alikuwa mtu. Ewart Grogan ni yule Mwingereza aliyepata sifa kwa kusafiri kwa miguu kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, kisha akaja Kenya akajizolea ardhi, ikiwemo sehemu kubwa ya kinamasi kando ya mto Nairobi, hapa hapa karibu na sisi. Mwaka 1905 alifanya jambo jingine lisilohusiana kabisa na spea za magari. Alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, kule Scotland, na samaki wakapandwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Kabla ya hapo mito yetu ya milimani haikuwa na trauti hata mmoja. Wakoloni walitaka samaki wa kwao wa kuvua wikendi, basi wakamleta. Baadaye akaja na yule binamu yake mwenye mstari wa rangi za upinde wa mvua ubavuni, na leo wako katika mito ya Aberdare, Mlima Kenya na hata Mlima Elgon.

Nawaletea historia hii kwa sababu huyu samaki sasa amefika mtaani kwetu. Si sokoni, la. Sokoni Gikomba utapata tilapia na omena. Amefika kwenye simu. Ile mbogi ya kupanda milima kila Jumamosi, wale wanaochanga pesa za matatu wakatoka alfajiri kwenda Elephant Hill na Kereita, imeanza kuchoka na milima. Mtu mmoja akaposti video akiwa amesimama katikati ya mto mweupe kama glasi, suruali imekunjwa, samaki anarukaruka mkononi, na wiki iliyofuata kila mtu akawa anauliza ndoano zinauzwa wapi. Mimi mwenyewe nimeenda mara kadhaa. Ni raha, sitadanganya. Ila nimegundua kwamba sisi wa Eastlands tunaingia mito ile na akili ya mto Nairobi, na hiyo akili kule haifanyi kazi.

Fikiria tulivyolelewa. Mto wetu unapita nyuma ya Kariokor na Ziwani ukielekea Gikomba, na tangu utotoni tumefundishwa kuuogopa kwa sababu mbili: uchafu, na kwamba hujui chini kuna nini. Vyuma, chupa, shimo. Maji ni meusi, huoni hata kidole chako. Kwa hivyo mtoto wa Kariokor akipelekwa Gura au Chania au Thiba, akayaona maji ambayo angeweza kuyahesabu mawe yake moja moja, moyo wake unatulia kabisa. Safi, kwa hivyo salama. Inafika magotini, kwa hivyo salama. Swali lake la kwanza na la mwisho ni moja: ni ndefu kwenda chini?

Swali lenyewe tayari limekosewa, na hata jibu unalojipa kwa macho si sahihi. Maji safi hupinda mwanga, na chini ya mto huonekana karibu kuliko ilivyo. Kina unachokiona kama sentimita 75 kinaweza kuwa karibu mita nzima. Ulidhani ni goti, ukakanyaga, kumbe ni paja. Mto mchafu angalau haukudanganyi, huoni chochote na unajua huoni.

Sasa tuje kwa samaki, maana yeye ndiye anayekupeleka huko. Trauti ni samaki wa maji baridi. Anataka maji yenye hewa nyingi ya oksijeni, na hewa hiyo huingia majini pale maji yanapogonga mawe, yanapoporomoka, yanapotoa povu. Anakaa nyuma ya jiwe kubwa akingojea mkondo umletee wadudu, kama wewe unavyosimama kituoni ukingoja matatu ije ilipo miguu yako. Yaani kila anachokipenda ndicho kinachomwangusha binadamu: baridi, kasi, mawe na mkondo. Ukifuata trauti umefuata hatari, hakuna njia ya kuzunguka. Kwenye maji yaliyolala kimya, ya kijani na ya vuguvugu, hayupo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kati ya fizikia yote niliyofundishwa, hii ndiyo iliyonibakia kichwani kwa sababu naweza kuiona. Nguvu ya maji yanayokusukuma haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, msukumo ni mara tisa. Simama kwenye maji yanayofika mapajani, yakienda mita moja kwa sekunde, ule mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Miguu yako inasukumwa kwa uzito wa karibu kilo 10, nusu ya mtungi wa maji wa lita 20. Unaweza. Sasa songa hatua mbili hadi pale mkondo unapopita kati ya mawe mawili, maji yawe mita mbili kwa sekunde. Ni kama kilo 40. Ni mitungi miwili iliyojaa, ile ile ambayo mtaani tunaibeba maji yakikatika, imekuegemea kwa ubavu na haichoki wala haipumziki. Na umesimama juu ya jiwe lenye utelezi, kwa mguu mmoja, kwa sababu ndio unapiga hatua.

Kuna jambo la pili linalofanyika wakati huo huo na wengi hawalifikirii. Kadiri maji yanavyopanda mwilini ndivyo yanavyokuinua. Yakifika kiunoni, miguu yako haikanyagi chini kwa uzito wako wote tena. Viatu vinashika jiwe kidogo tu. Kwa hivyo unasukumwa zaidi na unashika kidogo, kwa pamoja. Ndiyo maana wavuvi wenye uzoefu wana mpaka wao, na kwa wengi mpaka huo ni magoti kwa maji ya kasi, mapaja kwa maji ya polepole, na kiuno ni cha maji yaliyotulia pekee.

Mwaka jana mwezi wa saba tulikuwa sita upande wa Othaya, nje ya mbuga, kwenye Gura. Mto huu husifiwa kuwa miongoni mwa mito yenye kasi kubwa nchini, na ukisimama ukingoni hutahitaji mtu akuthibitishie. Kati yetu alikuwepo jamaa yetu ambaye ni fundi wa viatu pale sokoni Kariokor, hizi sandali za ngozi na akala za tairi ambazo watalii hununua. Nitamwita Fundi tu. Fundi ni mtu wa miraba minne, mwenye nguvu kutuzidi sote. Aliona samaki nyuma ya jiwe ng'ambo ya mkondo, akaamua kusogea kidogo ili arushe ndoano vizuri. Maji hayakuwa yamepita magoti yake.

Alichofanya ni kile ambacho kila mtu hufanya: alivuka mguu mmoja mbele ya mwingine, kama anayetembea barabarani, macho yakiwa kwa samaki. Kwa ile nusu sekunde miguu ilipopishana, hakuwa na egemeo. Akaenda chini kwa ubavu. Sikusikia hata kelele, maana mto ule una sauti yake na unaila sauti ya mtu. Tulichoona ni kofia. Kisha mkono. Alibebwa kama mita kumi, kumi na tano hivi, akigongwa na mawe, hadi mahali mto ulipopanuka maji yakawa mafupi, akajishika kwenye mizizi. Alitoka bila kiatu kimoja, bila ufito, na bila simu ambayo bado alikuwa anailipia kidogo kidogo kila siku. Goti lilivimba wiki mbili. Manze, tulikaa chini wote sita hatusemi kitu.

Mzee mmoja alikuwa ng'ambo akikata nyasi za ng'ombe wake. Alituangalia kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya juu ili tumsikie: "Vijana wangu, nyinyi mnaingia mkitazama samaki. Tazameni maji yanaenda wapi." Akaendelea kukata nyasi.

Nikaja kuelewa baadaye alimaanisha nini. Kabla ya kuingia, mtu huangalia pale alipo. Mwenye kujua huangalia chini ya mto, kule ambako atabebwa akianguka. Kukiwa na uwanda mpana wenye changarawe, ukianguka utalowa na kuchekwa. Kukiwa na poromoko, au mwamba, au mti ulioanguka ukavuka mto, hapo hapavukwi hata kama maji ni ya kifundo cha mguu. Mti ulioanguka ndio mbaya kuliko vyote. Unafanya kazi kama kichujio cha chai: maji yanapita, majani yanabaki. Wewe ndiwe majani. Mkondo unakubana kwenye matawi na kuendelea kukusukuma, na hata mwogeleaji hodari hawezi kujinasua.

Hatari nyingine ni mguu kunaswa. Ukianguka kwenye maji ya kasi, akili inakuambia simama haraka. Unachomeka mguu chini, unaingia kati ya mawe mawili, mkondo unakusukuma mgongoni, unainama mbele, uso unaingia majini na mguu hautoki. Watu huzama hivi katika maji ya mapajani. Kwa hivyo anayebebwa anashauriwa kinyume cha anavyohisi: lala chali, miguu mbele ikielekea kule mto unakoenda, vidole vya miguu vikichungulia juu ya maji, makalio yameinuliwa. Miguu ndiyo ipokee mawe, si kichwa. Piga makasia kwa mikono ukielekea ukingoni kwa mshazari. Usijaribu kusimama hadi makalio yaguse changarawe. Na uachilie ufito. Nimeona mtu akishikilia ufito wa kukodi kama anashikilia cheti cha kuzaliwa.

Mbinu za kuvuka zenyewe si za siri. New Zealand wana mito ya namna hii kila mahali, na katika karne ya 19 watu wengi mno walizama wakivuka hadi kuzama kukaitwa kifo cha New Zealand. Kwa hiyo wamelifikiria jambo hili kutuzidi. Kipimo chao cha kwanza hakihitaji hata shilingi. Tupa kijiti majini, tembea nacho ukingoni. Kikikuacha, usiingie. Ukiamua kuingia, tafuta mahali mto ni mpana, maana palipo pana maji husambaa na kupungua, ilhali palipo pembamba, pale panapokuvutia kwa sababu ng'ambo ni karibu, ndipo maji yote yamebanwa. Epuka upande wa nje wa kona, huko mto umechimba. Shika fimbo imara, ndefu hadi kifuani, uiweke upande ambao maji yanatoka, uwe na miguu mitatu, na usogeze mmoja tu kwa wakati. Buruta miguu kando kando kama kaa, usipishanishe. Fungua mikanda ya begi ya kifuani na kiunoni ili ukianguka uweze kulivua. Mkiwa wengi, shikaneni kwa kupitisha mikono nyuma ya migongo, mshike mikanda ya begi au suruali, mjipange mstari mmoja unaofuata mkondo, mwenye nguvu akiwa upande wa juu akivunja maji kwa ajili ya wengine. Sita wakishikana hivyo ni ukuta. Sita wakivuka mmoja mmoja huku wengine wanarekodi video ni jambo jingine.

Mawe yenyewe tumewahi kuyajadili sana, kwa sababu tuna fundi wa viatu. Jiwe la mtoni limevaa utando wa mwani ambao huuoni. Raba ya kawaida inateleza juu yake kama sabuni, na akala ya tairi, pamoja na heshima zake zote barabarani, ni mbaya zaidi. Wavuvi wenye pesa huvaa buti zenye soli ya kitambaa kizito cha sufu kilichogandamizwa, na wengine huongeza misumari mifupi. Kitambaa kinapenya ule utando na kushika jiwe. Tulipomwonyesha Fundi picha aliangalia sekunde tatu akasema, "Hiyo si zulia tu?" Sasa ameshona na kugundisha vipande vya zulia gumu chini ya buti kuukuu za ngozi, na kwa uaminifu, zinashika. Zinachakaa upesi, na ukitoka majini ukapanda ukingo wa matope unateleza kama uko kwenye barafu, lakini majini zinashika. Tatizo moja tu: soli za kitambaa hubeba vijidudu na mwani kutoka mto mmoja hadi mwingine, na New Zealand walizipiga marufuku mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Basi sisi huzisugua, tukazianika juani hadi zikauke kabisa kabla ya safari nyingine.

Kuhusu gambuti, ambazo wengi huazima kwa mjomba mwenye shamba: ni za matope. Zina soli laini, hazikazi kifundo cha mguu, na zikijaa maji huwezi kukimbia. Wengine huogopa zile suruali za mpira zinazofika kifuani wakisema zikijaa maji zitakuvuta chini kama jiwe. Hilo si kweli. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha, na mvuvi maarufu wa Marekani, Lee Wulff, aliwahi kujirusha mtoni kutoka darajani akiwa amezivaa ili kulithibitisha. Shida huja unapojaribu kutoka, maana hapo unainua kila lita iliyoingia. Mkanda uliokazwa kiunoni hupunguza maji yanayoingia, na ndiyo maana hauachwi nyumbani.

Haya yote ni kuhusu mto unaouona. Kinachoua watu wengi zaidi ni mto usiouona bado.

Mvua ya Aberdare haikuulizi uko wapi. Inaweza kunyesha saa nane mchana kwenye kilele, kilomita nyingi kutoka ulipo, na wewe huku chini uko kwenye jua, unajipaka mafuta. Maji yanashuka mabonde makali, yanakusanyika kutoka kila kijito, na yanakufikia baadaye kama ukuta. Tumeshayaona haya Kenya, ingawa si kwa wavuvi. Hell's Gate, Aprili 2012, vijana wa kanisa kutoka Nairobi walikuwa kwenye lile korongo maji yalipowakuta, wakafa saba. Septemba 2019, korongo lile lile, mafuriko ya ghafla yakabeba watalii tena. Desemba 2021 basi lililokuwa likipeleka wanakwaya harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, Mwingi, maji yakiwa yamepita juu ya daraja, na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Na Aprili 2024 sisi wenyewe hatukuhitaji kusafiri popote, maji yalitufuata hadi mitaani, Mathare na kwingineko.

Kwa hivyo mwenye kuvua mlimani husoma mto kila baada ya dakika chache. Chagua jiwe moja ukingoni ambalo maji yanagusa sehemu fulani. Likianza kumezwa, toka. Maji yakibadilika kutoka rangi ya glasi kuwa rangi ya chai ya rangi, toka. Majani na vijiti vikianza kuelea vingi ghafla, toka. Sauti ya mto ikinenepa, hata kama huna uhakika, toka kwanza ndipo ubishane na wenzako. Na toka upande ulio na njia ya kurudi. Hili la mwisho limewaweka watu usiku kucha msituni: walivuka asubuhi maji yakiwa ya magoti, mchana mvua ikanyesha juu, jioni mto ukawa wa kifua, na matatu iko ng'ambo. Wenye busara huvua upande mmoja tu siku ambazo mawingu yamekaa mlimani, na miezi ya masika, Machi hadi Mei, hawaendi kabisa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba pia ni ya kuangalia kwa makini.

Baridi nitaisema kwa ufupi kwa sababu kila aliyeingia anaijua. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Ukitumbukia ghafla, mwili hushtuka na kuvuta pumzi bila ruhusa yako, na kama kichwa kiko chini, unavuta maji. Baada ya dakika kadhaa vidole havifungi, huwezi kushika kamba uliyotupiwa. Aliyetoka majini avuliwe nguo zote mbichi papo hapo, mambo ya haya yangoje. Beba sweta na suruali kavu ndani ya mfuko wa plastiki mzito, na chai moto kwenye chupa. Pombe haipashi mtu joto, inamfanya ahisi joto huku akilipoteza. Najua kuna watu wataruka aya hii.

Na tukiwa kwenye yale tusiyopenda kusikia: wengi wetu hatujui kuogelea. Si aibu, ni jiografia na ni pesa. Mtaani kidimbwi cha kuogelea ni cha hoteli, na kiingilio ni cha Krismasi. Lakini basi tusijifanye. Jaketi la kuokolea maisha linakodishwa, na mtu asiyejua kuogelea anayetaka kuingia kupita magoti alivae, hata kama picha haitakuwa ya kupendeza. Mwingine akibebwa, usimrukie. Kenya kila mwaka tunasoma habari ya mtu aliyezama na ndugu aliyemfuata akazama naye. Mtupie kamba, mnyooshee fimbo au tawi, mkimbilie mbele ukingoni kule anakoelekea. Kamba ya mita 15 ni bei ya chakula cha mchana, na kwenye mbogi yetu sasa hubebwa na mtu ambaye haingii majini zamu hiyo. Yeye husimama upande wa chini wa mto na kazi yake ni kutazama watu, si samaki.

Ndani ya Mbuga ya Aberdare kuna wasiwasi wa ziada wenye pembe. Nyati na ndovu hunywa mito hiyo hiyo, na kelele ya maji inayomficha mtu anayelia ndiyo inayomficha nyati anayekuja. Huko unahitaji idhini ya KWS, na kuvua trauti kokote kunahitaji leseni ya uvuvi, basi ulizia mapema. Faida ya kupitia langoni si karatasi tu. Askari wa wanyamapori hujua mto ulivyokuwa jana, na jina lako linabaki kwenye kitabu chao. Nje ya mbuga, lipa kijana wa kijijini akupeleke. Anajua jiwe gani hucheza. Pesa utakayompa ni ndogo kuliko simu ya Fundi.

Mwisho ni mtandao. Kwenye mabonde yale simu ni tochi tu. Nambari 999, 112 na ile ya Msalaba Mwekundu, 1199, zote ni nzuri, lakini lazima mtu apande kilima kutafuta mawimbi ndipo azipige. Kwa hivyo kabla ya kutoka Kariokor sisi humwachia mtu aliyebaki nyumbani ujumbe wenye mambo matatu: mto gani, upande gani, na saa ngapi tutakuwa tumerudi barabarani. Mara ya mwisho aliyepewa kazi hiyo ni mathe anayeuza chapati karibu na soko. Saa kumi na mbili na robo jioni, tukiwa tumechelewa robo saa kwa sababu ya pancha ya gari, tulifika kwenye lami, simu zikashika mtandao, na zote tano zikaanza kulia kwa pamoja. Alikuwa amempigia kila mtu mara nne. Fundi hana simu bado, kwa hivyo yeye alitukanwa kupitia kwangu.